Sindano Zilizoganda

"Weka hicho kitu chini kwanza, unisikilize."

Bi Keki hakukiweka. Alikuwa ameushika mfuko wa krimu kwa mikono miwili, anazungushia maua keki ya harusi ya watu, na ua moja lilikuwa limefika nusu. Ua la krimu ukiliacha nusu, ukirudi linabaki na kovu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba sauti ile alishaielewa tangu mlangoni, na alitaka kuchelewesha.

"Sema tu, nakusikia. Masikio hayana krimu."

Siku nyingine Kinyozi angecheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata na mende. Leo alivuta kigoda akakaa taratibu kama mzee, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Vidole vya mkono ule vilikuwa vimevimba. Cha kati kilikuwa kimenenepa chote, kuanzia shina hadi kucha, kama soseji.

"Ile suti nimemrudishia fundi," alisema.

"Haikukutosha?"

"Imenitosha. Mimi ndiye sitoshi."

"Sasa unaanza mafumbo."

"Basi nasema wazi. Ndoa tuiache. Nimekuachia. Utafute mtu mwenye mwili wake kamili, usije ukazeeka unamfungia mume vifungo vya shati."

Ua lilikatika. Bi Keki alilitazama kama ndilo lililosema.

"Kumetokea nini?"

"Leo mteja amenyanyuka kitini nimemaliza upande mmoja. Upande mmoja, umenisikia? Kaviona hivi viwiko vyangu vilivyojaa magamba, akakumbuka ana safari. Katoka barabarani na kichwa nusu."

"Soriasisi haiambukizi."

"Mfuate ukamwambie. Halafu mashine imenidondoka tena, vidole havikunji." Aliuangalia mkono wake kama mtu anayemwangalia mpangaji msumbufu. "Daktari alishasema. Sindano hizi wengine zinawaponya kabisa, wengine inafika mahali mwili unazikataa. Mimi nilijiona nimepona. Nikanyoa, nikatembea, nikakuchumbia. Kumbe mwili ulikuwa unanichezea. Ubovu ni wangu, sitaki uubebe wewe."

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Neno moja lingetosha, na Bi Keki alikuwa nalo kooni, limekaa wiki na wiki. Alifungua mdomo.

"Kunywa maji kwanza," alisema.

Kinyozi alimtazama. "Hata hunizuii?"

"Unataka nikuzuie vipi?"

"Sijui. Nilidhani angalau utanirushia huo mfuko."

Alisimama kwa awamu mbili, goti likigoma, akatoka. Mlango aliufunga polepole, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomaliza mambo. Bi Keki alibaki na keki ya watu mbele yake. Nitawaambia alichokisikia kifuani, na msimhurumie haraka. Alisikia nafuu. Mwanaume aliyempenda kuliko mtu yeyote alikuwa ameondoka, na jambo la kwanza lililompitia moyoni lilikuwa: basi sitalazimika kumwambia.

Aliposikia nafuu hiyo, alikaa sakafuni akalia.

* * *

Hawa wawili walianza kwa ugomvi. Chumba cha kunyolea na jiko la keki vilitenganishwa na ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe wa kubahatisha. Siku moja Kinyozi alifagia nywele mlangoni kwake, upepo ukazibeba, na Bi Keki akaenda kumsimamia na sahani mkononi. "Hii ni keki ya mtoto wa mtu," alisema, "imeota ndevu." Kinyozi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alilipa kwa kumnyoa baba yake Bi Keki bure, na baba alirudi nyumbani akisema kijana yule ana mkono mwepesi. Kwa kinyozi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mkono mwepesi ndio ulioanza kuvimba. Kwanza ngozi: mabaka mekundu yenye magamba meupe kwenye viwiko, magotini, nyuma ya masikio. Halafu viungo. Asubuhi aliamka amekakamaa, mswaki anaushika kwa ngumi. Daktari aliwaeleza kwamba ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, soriasisi iliyoingia kwenye viungo ikawa baridi yabisi. "Kinga ya mwili ni kama askari," alisema. "Wako wamechanganyikiwa, wanapiga raia." Vidonge vya kwanza havikusaidia. Ndipo wakasikia habari za dawa za kibayolojia, sindano inayowatuliza askari wale tu waliochanganyikiwa. Haikuwa dawa ya kuchukua dirishani. Kulikuwa na vipimo, pamoja na kile cha kifua kikuu, kisha fomu za maombi, kisha kusubiri hadi jina litoke.

Lilipotoka, nesi aliwakalisha wote wawili.

"Inakaa kwenye friji," alisema. "Ipate baridi, lakini isigande. Ikiganda hata mara moja, itupwe, mtupigie. Ikiyeyuka itaonekana nzima. Msidanganyike. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema pamoja, kama wanafunzi.

Kinyozi hakuwa na friji. Bi Keki alikuwa nayo kubwa, ya kazi. Basi sindano zikahamia kwake, zikapewa rafu yao, na kila baada ya wiki mbili Kinyozi alivuka upande wa pili wa ukuta kuja kuchomwa. Sindano hutolewa kwenye friji nusu saa kabla, ipungue ubaridi. Nusu saa ile ndiyo iliyowaponza. Mtu na mtu wakikaa jikoni wanasubiri sindano ipate joto, watazungumza, na wao walizungumza mpaka wakachumbiana. Viwiko vikasafika. Siku moja aliingia ameinua kifua. "Niangalie shati," alisema. "Vifungo vyote nimefunga mwenyewe." Bi Keki alimkagua kimoja kimoja, akamkuta karuka kimoja, hakumwambia.

Halafu ikaja keki ya ghorofa tano, siku ya joto la kuyeyusha mishumaa. Krimu ilikuwa inateleza. Bi Keki alizungusha kidude cha friji mpaka mwisho wa baridi, akasukuma keki ndani, akaenda kulala amechoka hajiwezi. Asubuhi keki ilikuwa imesimama vizuri sana. Boksi la sindano, mgao wa miezi mitatu uliokuja juzi yake tu, lilikuwa limeshikana na ukuta wa friji. Alizitoa. Ngumu zote.

Alijua la kufanya. Alishika simu, akaiweka. Akafikiria maombi yale na kule kusubiri, akafikiria hospitali itasema watu hawa hawajui kutunza dawa, wapewe wengine. Akamfikiria Kinyozi na vifungo vyake. Akamimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akaziloweka. Ziliyeyuka. Zilionekana nzima, kama alivyosema nesi.

Wiki ile alimchoma ya kwanza. Kinyozi alimsimulia kituko cha mteja aliyelala kitini akakoroma, na yeye alicheka mahali panapostahili.

* * *

Siku ya pili baada ya Kinyozi kuvunja uchumba, simu ililia. Alikuwa dada yake Kinyozi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na aliyezungumza na simu kana kwamba simu ni kiziwi.

"Wifi, mmegombana nini na huyu mtu?"

"Hatujagombana, wifi."

"Yuko hapa kwangu kageukia ukuta. Chai kaikataa. Kesho anakwenda kliniki kumwambia daktari basi, hataki sindano hii wala nyingine. Eti mwili wake umeshaamua. Mwili una mdomo?"

"Hataki dawa kabisa?"

"Kabisa. Na daktari alisema nini kuhusu viungo? Si alisema vikiachwa vikaharibika, havirudi tena?"

"Alisema."

"Basi. Huyu mikono yake ndiyo shamba lake. Wewe anakusikiliza kuliko mimi niliyembeba mgongoni. Njoo kesho twende wote."

"Wifi, mimi..."

"Wewe ndiye uliyezitunza hizo dawa. Zingekaa kwangu, ningeshazikaangia vitunguu. Njoo."

Ile nafuu aliyoisikia Bi Keki ikamgeuka ikawa kitu kingine. Alikuwa amejiambia ataondoka na siri yake, naye Kinyozi ataondoka na maisha yake, kila mtu na mzigo wake. Sasa aliona mzigo wote umebebwa na mtu mmoja, tena mwenye vidole vibovu. Alikesha akipanga maneno, na asubuhi hakukumbuka hata moja.

* * *

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alimbonyeza Kinyozi kiungo kimoja kimoja.

"Hapa?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Hapo usiguse kabisa."

"Kuna dozi uliyoiruka?"

"Hata moja."

"Umepata homa, kikohozi, maambukizi yoyote?"

"Hapana."

"Dawa inatunzwa wapi?"

Bi Keki alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na Wifi. Aliuona mdomo wa Kinyozi ukifunguka, akatamani aufunge kwa mkono.

"Kwa mchumba wangu," alisema Kinyozi. Hakusema aliyekuwa mchumba wangu. "Daktari, hapo usipoteze muda wako. Huyu anazitunza kuliko mboni ya jicho. Zina rafu yao peke yao, hata siagi hairuhusiwi kupita. Kosa halipo kwake. Kosa ni mwili wangu."

Daktari aliandika kidogo. "Basi tufikirie kubadilisha dawa. Ila nikuambie, aina zenyewe si nyingi, na tukishaiacha moja kwa sababu imeshindwa, hatuirudii kirahisi."

"Sibadilishi, daktari. Nimekuja kuaga. Naacha."

"Ziliganda," alisema Bi Keki.

Alisema kwa sauti ndogo, na Wifi ndiye aliyesikia kwanza.

"Nini kimeganda?"

"Sindano. Ziliganda kwenye friji yangu."

Daktari alivua miwani. "Ngapi?"

"Zote. Boksi zima. Niliongeza baridi kwa ajili ya keki ya watu, asubuhi nikazikuta ngumu. Nikaziyeyusha kwenye maji. Nimekuwa nikimchoma hizo hizo mpaka wiki iliyopita."

"Hamkuelekezwa?"

"Tulielekezwa. Ikiganda itupwe." Alimtazama Kinyozi. "Nilijua."

Nje mtu alikuwa anaitwa jina kwa kipaza sauti, akaitwa tena.

"Dada yangu," daktari alisema, na sauti yake haikuwa ya dada, "dawa hii ni protini. Imetokana na chembe hai. Ikiganda huvunjika, hata kama jicho halioni kitu. Ungeweza kumdhuru. Umshukuru Mungu hakudhurika." Alimgeukia Kinyozi. "Na wewe nisikilize. Siwezi kuapa mpaka nione vipimo. Lakini inawezekana sana mwili wako haujakataa chochote. Muda wote huu ulikuwa unachomwa kitu kilichokufa. Tutakupima, tutaanza upya na dawa ileile ikiwa nzima, na utaipa muda. Utaipa muda?"

Kinyozi alikuwa anavitazama vidole vyake. Alivikunja kiasi vilivyoweza, akavikunjua.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Yaelekea si wewe."

"Zitakaa kwangu," alisema Wifi. Hakumtazama Bi Keki, na hakulitamka neno wifi siku ile yote.

* * *

Bi Keki alimkuta Kinyozi kwenye korido, karibu na ngazi. Wifi alikuwa amekwenda dirisha la dawa.

"Nikuulize kitu cha kazi yako," alisema Kinyozi.

"Niulize."

"Krimu yako ya keki. Ikiganda halafu ikayeyuka, unaifanyaje?"

Bi Keki alielewa swali linakokwenda, na hakuwa na njia ya kulikwepa.

"Naimwaga."

"Kwa nini?"

"Inakatika. Haiwezi kupewa mteja."

"Haiwezi kupewa mteja," alirudia Kinyozi, polepole, kama anajifunza lugha ngeni. "Mimi nilipewa."

"Nisamehe."

"Kuganda ni bahati mbaya. Hata mimi nimewahi kumkata mtu sikio. Ungeniambia siku ile ile, tungelia wote, tungepiga simu, basi. Lakini mimi nimekaa jikoni kwako nautukana mwili wangu. Mwili ulionibeba tangu tumboni mwa mama. Nautukana, na wewe unapamba maua."

"Niliogopa."

"Nini?"

"Kwamba watakunyang'anya dawa. Kwamba utaniona sifai. Mwanzoni niliogopa kwa ajili yako, halafu sijui siku gani, nikawa naogopa kwa ajili yangu."

"Ukaniacha nivimbe kwa heshima."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema anayeficha maradhi ya mwenzake huumbuliwa na nini. Bi Keki aliumbuliwa na mtu kumsifu mbele ya daktari.

"Kile ulichokisema majuzi," alijaribu, "cha kuacha ndoa..."

"Majuzi niliacha kwa sababu yangu," alisema Kinyozi akishuka ngazi moja moja, mkono kwenye ukuta. "Leo sijui naacha kwa sababu ya nani. Niache nifikiri."

* * *

Kuachana na mtu wa mbali ni rahisi, unafuta namba. Bi Keki aliachana na mtu wa nyuma ya ukuta. Asubuhi alisikia akifungua mlango, akiburuta kiti, akikohoa. Alisikia mashine ya kunyolea ikiwaka, ikizima, ikiwaka, ikizima, kwa sababu mkono ulikuwa unachoka. Kila ilipozima, na yeye aliacha kukoroga.

Siku ya sindano ilipofika alimwandikia ujumbe. Ukuta mmoja kati yao, na bado aliandika:

"Najua huna la kunijibu. Leo ni siku yako. Itolewe nusu saa kabla, ya baridi inauma. Ikishachomwa usisugue."

Jibu lilikuja jioni: "Tunajua."

Neno moja tu. Lakini ule wingi, ule wa yeye na dada yake bila Bi Keki ndani, ulimkaa rohoni kuliko tusi.

Alianza kumwaga krimu nzima. Akiitazama vibaya tu, anaimwaga. Aliamka alfajiri kukagua friji isiyokuwa na sindano tena. Mteja mmoja alimwambia, "Bi Keki, siku hizi unapamba kama unaomba radhi." Alikuwa hajakosea. Na katikati ya majuto yale kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua. Dawa alishaikiri. Ile nafuu hakuikiri. Alijiambia haina haja, imepita, haimdhuru mtu. Ndivyo alivyojiambia na kuhusu zile sindano.

Wiki zilikwenda. Mashine upande wa pili ikaanza kunguruma kidogo zaidi kabla ya kuzima. Kisha zaidi. Asubuhi moja alisimama na mwiko mkononi, akaisikia ikinyoa kichwa kizima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa aproni.

Simu ililia akiwa hapohapo.

"Uko wapi?" Alikuwa Kinyozi.

"Jikoni. Hapa hapa."

"Nakusikia unavuta kamasi, ukuta wenyewe huu. Sikiliza. Dada hawezi kuchoma. Dozi ya kwanza alifumba macho. Ya pili alinichoma vizuri, halafu akaanguka yeye. Hii ya juzi alimwita jirani aje kumshika. Siwezi kuendelea kuchomwa na kamati."

"Unataka nimfundishe?"

"Nataka uje kunichoma. Siku ya zamu ijayo, kwa Dada."

"Yeye amekubali?"

"Amenuna. Kwake huko ndiko kukubali."

* * *

Wifi alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Ingia. Sijakusamehe."

"Najua."

"Friji yangu ina kipimajoto. Watoto wakiifungua wanahema kwa zamu."

"Umefanya vizuri, wifi."

Wifi hakulikataza neno, wala hakulirudisha. Alikaa kwenye kochi na rundo la nguo za kukunja, mahali anapoona kila kitu. Sindano ilikuwa mezani juu ya kitambaa safi, inapata joto. Kinyozi alikuwa pembeni yake. Viwiko vilikuwa vimebaki na alama za waridi hafifu. Kile kidole cha kati kilikuwa kimepungua, ingawa bado kilionekana ndugu mkubwa wa wenzake.

"Daktari anasema nini?" aliuliza Bi Keki.

"Anasema twende nayo. Pengine kitapungua chote, pengine kitabaki hivi, kilishaumia kidogo." Alikinyoosha. "Usilie. Nimekuita kunichoma, sikukuita kulia."

"Sawa."

Walikaa. Ilikuwa ile nusu saa yao ya zamani, ila sasa ilikuwa na Wifi ndani yake.

"Kuna kitu kimoja sikielewi," alisema Kinyozi. "Dawa nimeielewa. Woga nimeuelewa, hata mimi ni mwoga, niulize habari za jino. Lakini siku ile jikoni. Mtu anakuachia ndoa mbele ya macho yako, unamwambia anywe maji. Mbona hukunizuia?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Nilishtuka. Neno hilo lingepokelewa, hata na Wifi. Kinyozi alikuwa tayari kulipokea, usoni kwake lilishatengewa nafasi. Bi Keki alilisikia likija lenyewe ulimini, laini, na akatambua ladha yake.

"Nilipata nafuu," alisema.

"Nini?"

"Ulipofunga mlango. Niliona ukiniacha mwenyewe, basi sitalazimika kukuambia. Nilikuwa nakupenda, na nikafurahi unaondoka. Ulikuwa unajilaumu, na mimi nikaona afadhali. Ilikaa mpaka dada yako aliponipigia simu. Asingepiga, sijui kama ningesema kamwe."

Wifi aliacha kukunja. Shati la mtoto lilibaki limening'inia mikononi mwake.

Kinyozi alikuwa ameumia, na hakujaribu kuficha.

"Hilo limeniuma kuliko sindano zote," alisema mwishowe.

"Najua."

"Hilo hakuna daktari angelipima. Hata Dada asingelinusa, na pua yake unaijua. Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ungeoa mtu usiyemjua."

"Nani kasema naoa?"

"Hakuna," alisema Bi Keki. "Nilikosea. Ungechomwa na mtu usiyemjua, basi."

Wifi alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kitu. Kinyozi aliichukua sindano mezani, akaishika kiganjani kusikia kama imepata joto, akampa Bi Keki.

Bi Keki alisafisha ngozi ya paja. Mikono yake, iliyosimamisha keki za ghorofa tano, ilikuwa inatetemeka. Kinyozi aliona. Akaweka mkono wake juu ya wake, na vidole vyake, kile kinene pamoja, vikauzunguka na kuushika mpaka ukatulia.

"Sasa najua nikikuuliza utanijibu," alisema. "Kwa hiyo nakuuliza. Hiki kidole kikigoma kupona. Na ngozi ikirudi, maana inaweza kurudi. Harusi tusubiri mpaka niwe mzima, au hivi hivi?"

"Wewe ndiye uliyesema nitafute mwenye mwili kamili."

"Nilisema upuuzi. Nijibu."

Bi Keki alitafuta kama kuna kitu amekificha nyuma ya jibu lake. Alitafuta vizuri, na dada yake Kinyozi anamtazama. Hakukuta kitu.

"Hivi hivi," alisema, na akambonyezea sindano.